Halafu Jalala Likaenda Wapi?

Kabla ya kuitisha kikao chochote, mwezeshaji aliomba karatasi. Aliomba katiba ya chama, mihtasari ya mikutano mikuu, hesabu zilizokaguliwa, rejista ya wanachama, na mpango mkakati uliokuwa unamaliza muda wake. Chama chenyewe ni cha wanasheria wa mazingira wa Tanzania: mawakili wa kujitegemea, wahadhiri, maofisa sheria wa halmashauri, na wanafunzi wa sheria wanaojiunga kama wanachama washiriki. Wote hulipa ada, na wote wana kazi nyingine inayowapatia riziki. Kila baada ya miaka mitano hukaa pamoja kuamua muda wao mdogo utumikeje kulinda mito, misitu na hewa. Mwezeshaji huyu ni mama asiye mwanasheria. Amekomaa katika kazi ya kuandaa mipango ya vyama vya ushirika, vikundi vya maji na vyama vya kitaaluma, nami nimepata kumtazama akiifanya tangu karatasi ya kwanza hadi kura ya mwisho. Wengi tunaujua mpango mkakati kama kijitabu kinachokaa kabatini. Nataka nieleze namna unavyotengenezwa mikononi mwa mtu anayeujua.

Husoma akiwa na penseli na daftari la mistari. Katika mpango wa zamani alizungushia vitenzi tu: kuhamasisha, kuimarisha, kuwezesha, kuchangia. Pembeni ya kila kitenzi aliandika kwa herufi ndogo maswali yaleyale: nani, lini, tutajuaje? Aliendelea hivyo ukurasa kwa ukurasa bila kuruka hata kiambatisho. Hakuandika neno la lawama popote. Alikuwa akitafuta mahali ambapo sentensi imepita bila kumwachia mtu yeyote kazi, na kila alipopapata aliweka alama ya msalaba.

Rejista ya wanachama aliisoma kwa namna nyingine. Aligawa majina katika safu tatu: waliolipa ada mwaka huu, waliowahi kulipa wakaacha, na ambao hawajalipa tangu walipojiunga. Kisha akachukua mihtasari ya vikao na kutafuta kila jina humo, aone ni nani aliyewahi kupewa kazi na ni nani aliyeikamilisha. Majina ya walioacha kulipa aliyanakili kwenye ukurasa wa peke yao, na hao ndio aliowapigia simu kwanza. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba aliyebaki atakueleza chama kinajivunia nini, ila aliyeondoka ndiye anayejua kilichokosekana.

Simu zake ni fupi kwa maneno na ndefu kwa muda. Husalimia kikamilifu, huuliza habari za kazi na za nyumbani, kisha huuliza swali moja na kunyamaza. Nilimsikia akizungumza na wakili mmoja wa Mbeya. "Wakili, nakuomba unikumbushe. Mara ya mwisho chama kukutuma kazi ilikuwa lini?" Upande wa pili ulikaa kimya. Mtu mwingine angeharakisha kujaza kimya kile kwa swali jipya au kwa udhuru. Yeye alisubiri, penseli ikiwa juu ya daftari. Hatimaye jibu likaja: "Mama, kusema kweli sijawahi kutumwa. Huwa naletewa risiti tu." Aliliandika neno kwa neno, akaweka alama za kunukuu, akamshukuru. Sentensi hiyo, bila jina la aliyeisema, ilikuja kubandikwa ukutani siku ya warsha, na nadhani ndiyo iliyobadili mpango mzima.

Warsha ilifanyika Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mahali penyewe palikuwa na maana kwa watu wa mazingira, kwa kuwa Mto Ruvu, unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, huanzia kwenye misitu ya milima hiyo. Mwezeshaji alifika mapema kuliko wote. Alitoa meza kubwa ya mbele, akapanga viti kwa umbo la kwato ya farasi ili kila mtu amwone mwenzake usoni. Akasimamisha bango kitita pembeni. Juu ya meza ndogo akaweka kadi za manila za rangi nne, kila rangi fungu lake, maka peni nyeusi na nyekundu, na selotepu ya karatasi isiyobandua rangi ya ukuta. Alijaribu kila maka peni kwenye karatasi chakavu na kuitupa iliyokauka. Aliandika mstari mmoja ukutani, akarudi hadi kiti cha mwisho, akaketi, akahakikisha unasomeka kutoka hapo.

Masharti ya kadi aliyaeleza mara moja: wazo moja kwa kadi, maneno yasiyozidi saba, herufi kubwa, bila jina la mwandishi. Kwa mwanasheria hili ni jaribio gumu. Amefundishwa kulinda kila sentensi kwa "isipokuwa" na "kwa kuzingatia", na kadi haina nafasi ya ulinzi huo. Kadi za kwanza zilirudi zikiwa zimejaa hadi pembeni. Alizipokea moja moja, akazisoma zote, na zile zenye mambo mawili akazirudisha kwa mkono wake. "Msomi, hapa umenipa mawazo mawili, nayo yote ni mazuri. Nipe kadi mbili." Hakukata maneno ya mtu yeyote kwa niaba yake. Alimwachia mwenye wazo alikate mwenyewe, hata ilipobidi kadi moja irudi mara tatu. Kufikia chai ya saa nne, watu waliozoea kuwasilisha hoja za kurasa arobaini walikuwa wanaandika "HATUJUI NANI YUKO ZAMU" na kwenda kubandika.

Ukuta mrefu aliuhifadhi kwa ajili ya mstari wa wakati. Alichora mstari mweusi kutoka kona hadi kona, akawaomba wakongwe waanze. Mzee mmoja, wakili aliyeanza kazi zamani, alisimama akaandika mwaka 1988. Huo ndio mwaka ambao wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, walishinda kesi dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam katika Mahakama Kuu kuhusu jalala lililokuwa likiwafukizia moshi na uvundo. Jiji liliamriwa kuacha kutupa taka pale. Likaomba kuongezewa muda, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa ombi la kuongezewa tena, akiihusisha hali ya wakazi wale na haki ya kuishi iliyomo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Chumba kizima kiliijua hukumu hiyo. Wengine walisomea mtihani kwayo.

"Halafu?" mwezeshaji akauliza.

Mzee akamtazama. "Halafu tulishinda, mama."

"Nimeelewa, mzee wangu. Halafu jalala likaenda wapi?"

Mzee alichukua kadi nyingine. Jalala lilikwenda Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi walifungua kesi mwaka huohuo wa 1991, Festo Balegele na mamia ya wenzake, nao wakashinda. Halafu? Jalala likaenda Vingunguti. Alibandika kadi hizo tatu moja baada ya nyingine, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Hukumu mbili zilizofundishwa vyuoni kwa miaka mingi zilikuwa ushindi wa kweli kwa watu wa Tabata na Kunduchi, na bado taka za jiji zilipata majirani wapya. Mwezeshaji hakuhitimisha kwa maneno yake. Aliwapa muda wausome ukuta. Kisha akachukua maka peni nyekundu, akachora chini ya mstari mweusi mstari wa pili, na kuupa jina: Kilichobadilika. Tangu hapo kila tukio lilipaswa kuandikwa juu, na matokeo yake kuandikwa chini. Palipokosekana matokeo, nafasi iliachwa wazi.

Wakaendelea kujaza. Mwaka 2004, Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, iliyoanza kutumika Julai 2005; kifungu cha 4 kinampa kila mtu anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea. Mwaka 2010, shirika la kutetea wanyama la ANAW lilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha kupinga mpango wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, na Juni 2014 mahakama ikatamka kwamba mpango ule ulikwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo chini, kwa wino mwekundu, mtu aliweza kuandika zuio la kudumu dhidi ya mpango ule. Mwaka 2020 ukapata kadi ya huzuni: marekebisho ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yaliyomtaka anayefungua shauri la kikatiba aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa chama kinachosimama kwa niaba ya wengine, kadi hiyo ilikuwa nzito. Mwaka 2023, Mahakama ya Afrika Mashariki iliondoa shauri la kupinga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kwa kuwa lilifunguliwa nje ya muda. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu.

Mwezeshaji alisimama mbele ya kadi hiyo ya mwisho kwa muda mrefu. Aliuliza miezi miwili inahesabiwa kuanzia wapi. Akajibiwa: tangu siku ya kitendo kinacholalamikiwa, au siku mlalamikaji alipokifahamu. Aliandika jibu hilo kwenye daftari lake, si ukutani. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa anaweka akiba.

Ukuta wa pili ulikuwa na sehemu nne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Kazi hii hufanyika katika warsha nyingi, na mara nyingi huishia hapo, orodha nne zikapigwa picha na kusahauliwa. Yeye huanza kazi pale wengine wanapomaliza. Alichukua kadi moja ya nguvu, "wanachama wapo wilayani", akaibeba hadi upande wa vitisho na kuishika karibu na kadi ya muda mfupi wa kufungua mashauri. Akauliza: hizi mbili zikikutana, inatokea nini? Ikajibiwa kwamba mwanachama aliye wilayani anaweza kuusikia mradi wiki nyingi kabla ya wenzake wa Dar es Salaam. Akaandika jibu kwenye kadi ya rangi mpya. Akachukua kadi ya udhaifu, "mwanachama hatumwi kazi", akaikutanisha na kadi ya kifungu cha 5, haki ya kwenda mahakamani. Alifanya hivyo bila haraka, jozi baada ya jozi, na jozi zisizozaa kitu alizirudisha mahali pake bila kulazimisha.

Katika kazi hiyo ndipo lilipoibuka jambo lililokuwa likiepukwa. Kadi moja iliandikwa "MGONGANO WA MASLAHI". Maofisa sheria wa halmashauri ni wanachama wazuri, lakini hawawezi kumtetea mwanakijiji dhidi ya mwajiri wao. Wengine waliinamisha vichwa. Mawakili wa kujitegemea wakaanza kunong'ona. Mwezeshaji aliisoma kadi kwa sauti ileile aliyosomea nyingine zote, kisha akawauliza wahusika wenyewe: ni kazi gani ya mazingira ambayo ninyi mnaiweza kuliko wakili yeyote aliyeko hapa? Mmoja wao, dada kutoka halmashauri ya kusini, alijibu: kuandika sheria ndogo. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia, lakini kinahitaji mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopita katika ngazi zote, na rasimu nyingi hukwama kwa kukosa mtu wa kuziweka sawa. Kadi ya aibu ikazaa lengo zima la mpango. Iliwezekana kwa sababu mwezeshaji alikataa kuipitisha haraka.

Mti wa matatizo ulifuata. Karatasi nne ziliunganishwa na kuchorwa shina, na juu ya shina wakaandika tatizo walilokubaliana: watu wanapata hukumu na mazingira hayabadiliki. Matawi yalikuwa madhara. Mizizi ndiyo iliyochukua muda. Kwa kila sababu iliyotajwa aliuliza kwa nini, na kwa jibu lililopatikana akauliza tena, hadi akafika mahali ambapo jibu lilikuwa tendo ambalo chama kingeweza kulifanya au kuliacha. "Hukumu hazikazwi." Kwa nini? "Hakuna anayerudi mahakamani." Kwa nini? "Kesi ikiisha, faili linafungwa." Nani analifunga? Kimya. "Sisi wenyewe." Hapo akaweka duara jekundu. Mzizi mwingine ulishuka vivyo hivyo: wanakijiji huja kwa wakili wakati mradi tayari una cheti cha mazingira, hawakushiriki wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira, taarifa ni ndefu na za kitaalamu, hakuna aliyekaa nao kuzisoma. Duara jingine.

Siku ya kuchagua, kadi za mapendekezo zilikuwa zimejaza ukuta. Kila mshiriki alipewa nafasi ya kuweka vitone vitatu vyekundu, na vitone vikawekwa. Mtu asiye na uzoefu angehesabu na kutangaza washindi. Yeye alivitumia vitone kujua mioyo iko wapi, kisha akaandika vigezo vinne kwenye bango kitita. Je, jambo hili lina watu walioathirika wanaotutaka? Je, ndani ya chama tuna ujuzi wake? Je, kuna chama kingine kinachoweza kulifanya vizuri zaidi? Je, tukishinda, tutaweza kukaa hapo hadi mabadiliko yaonekane? Kila pendekezo lilipimwa kwa vigezo vyote vinne, kwa sauti. Mengine yaliyokuwa na vitone vingi yalianguka kwenye kigezo cha mwisho. Mzee aliyeandika kadi ya Tabata ndiye aliyewatuliza waliolalamika: "Wasomi, mshika mbili moja humponyoka. Sisi tulishika kumi."

Yaliyoachwa hayakutupwa. Aliyapa ukurasa wake katika mpango, ukurasa wa yanayosubiri, na mbele ya kila moja sababu ya kusubiri na sharti la kulifungua tena. Mwanafunzi mmoja alikuwa amependekeza shauri kubwa la mabadiliko ya tabianchi. Mwezeshaji alilisoma pendekezo lake lote mbele ya wakubwa wake, akamwomba ataje mwenyewe ni ushahidi gani ungehitajika kabla chama hakijaingia, na akaandika alichotaja. Kijana yule alirudi kwenye kiti chake akiwa na kazi ya kufanya.

Malengo makuu yalibaki matatu: hukumu zifuatiliwe hadi zitekelezwe; jamii zipate mwanasheria mapema, kabla ya cheti kutolewa; na vijiji visaidiwe kukamilisha sheria ndogo za misitu. Sasa ikaja kazi ya kuyaandika, na hapa ndipo nilipomwona katika ubora wake. Sentensi ya kwanza iliyotoka kwenye kikundi ilisomeka: "Kuimarisha upatikanaji wa haki ya mazingira kwa jamii zilizo pembezoni." Aliipitia kama seremala anavyopitisha randa kwenye ubao, kwa mikwaruzo myepesi, akiutazama baada ya kila mkwaruzo. Kuimarisha kutoka wapi hadi wapi? Neno likaondoka. Haki ya mazingira ipi? Wakasema: ile iliyokwisha tolewa na mahakama. Jamii zipi? Zile ambazo chama kilisimamia kesi zao. Nani atafanya? Mwanachama mmoja kwa kila hukumu. Tutajuaje? Atatoa taarifa. Kila lini? Kila robo mwaka. Baada ya chakula cha mchana sentensi ilisomeka hivi: "Kuanzia mwaka wa kwanza, kila hukumu ya mazingira ambayo chama kimeisimamia iwe na mwanachama mmoja anayefuatilia utekelezaji wake na kutoa taarifa kwa Kamati Tendaji kila robo mwaka hadi itekelezwe yote." Aliisoma mara mbili. Akauliza kama kuna mtu anayeweza kuielewa tofauti. Wanasheria, ambao hulipwa kwa kuelewa sentensi tofauti, walijaribu na kushindwa.

Chini ya kila lengo aliweka jedwali: shughuli, zao lake, matokeo, kiashiria, njia ya kuthibitisha, mhusika, tarehe. Alikuwa mkali sana juu ya kutenganisha zao na matokeo. Semina kwa maofisa wa vijiji ni shughuli. Maofisa waliohudhuria ni zao. Kijiji kilichowasilisha maoni yake wakati wa tathmini, kabla ya uamuzi, ndicho matokeo. Aliwakumbusha mstari mwekundu wa ukutani, nao wakaanza kusahihishana wenyewe. Safu ya mhusika hakuruhusu iandikwe "Sekretarieti" wala "wanachama wote". Alitaka cheo au jina, na mwenye jina alitakiwa kuwepo chumbani na kuitikia.

Bajeti aliifanya na mweka hazina, wawili peke yao, jioni. Kabla ya safu ya shilingi aliweka safu ya saa. Alitaka ajue kila mwanachama hai yuko tayari kutoa saa ngapi za kazi kwa mwezi, kwa kuwa rasilimali kubwa ya chama cha wanasheria ni muda wa wanasheria, na muda huo haukuwahi kuandikwa katika hesabu zake. Kisha akapaka rangi mbili. Kijani ilikuwa mistari ambayo chama kingeiendesha kwa ada na saa za wanachama hata wafadhili wote wakiondoka. Njano ilikuwa ile inayotegemea ruzuku. Ufuatiliaji wa hukumu aliuhamisha kutoka njano kwenda kijani, akipunguza safari na kuwapa kazi wanachama walio karibu na mahakama husika. Mweka hazina alikokotoa upya, akakubali.

Ndipo akafungua ile akiba ya daftari lake. Alichora mstari wenye siku sitini na kuwaomba mawakili wahesabu kurudi nyuma. Siku ya mwisho ni ya kufungua shauri. Kabla yake, viapo viwe vimeapwa. Kabla ya hapo, nyaraka ziwe zimekusanywa na wateja wamezisoma. Kabla ya hapo, Kamati Tendaji iwe imekubali chama kiingie. Kabla ya hapo, maoni ya kisheria yawe yameandikwa. Kila hatua ilipopewa siku zake, ilionekana wazi kwamba tangu mwanakijiji apige simu hadi wakili wa kwanza aandike maoni zinabaki siku chache mno, na kwamba utaratibu wa zamani wa kusubiri kikao cha mwezi ungekula nusu ya muda wote. Wakaandika zamu. Kila wiki mawakili wawili, simu moja, maoni ndani ya siku saba, na kamati ndogo ya watu watatu yenye mamlaka ya kuamua bila kusubiri kikao. Majina ya zamu yalijaa mwaka mzima kabla watu hawajaondoka Morogoro. Wakili wa Mbeya alikuwa na wiki zake.

Rasimu ilitumwa kwa wanachama wote, hata wale wa safu ya tatu ya rejista. Maoni yaliporudi, aliyaingiza yote katika jedwali: limetoka wapi, linasema nini, limekubaliwa au halikukubaliwa, na kwa nini. Hakuna aliyepuuzwa, hata aliyelalamikia ukubwa wa herufi. Katika mkutano mkuu alihakikisha akidi imetimia, akawaachia viongozi wa chama wausome mpango wenyewe, yeye akakaa nyuma. Mpango ulipitishwa kama kazi yao, na ndivyo alivyotaka.

Alirudi baada ya robo ya kwanza kwa mapitio. Alikuja na karatasi moja yenye safu tatu: limefanyika, halijafanyika, libadilike. Mwanachama mmoja aliyepewa hukumu ya kufuatilia alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Jina likabadilishwa, tarehe ikaandikwa upya. Kiashiria kimoja kilionekana hakipimiki; kikaandikwa upya kwa dakika chache, kwa kuwa sasa walijua namna ya kukiranda. Hukumu moja ilikuwa na taarifa kamili: nani alikwenda masjala ya mahakama, amri ipi imetekelezwa, ipi bado, na ombi gani lingewasilishwa mwezi unaofuata.

Tunawapongeza mawakili wanaposhinda, na wanastahili. Mimi naomba tumpongeze pia mtu anayekaa nao kabla ya kesi na baada ya hukumu, akiwauliza nani, lini na tutajuaje, hadi upendo wao kwa nchi hii upate mwenye zamu, tarehe na namba ya simu inayopokelewa. Sheria imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Kuifikisha haki hiyo kwa jirani wa jalala ni kazi ya ratiba, na ratiba nzuri huandikwa na mtu mwenye subira ya kuisikiliza kila kadi.